Dado, Rika na Karamu

Mtoto wa kiume aliyezaliwa Issenye, katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Mara, Tanzania, kabla sotoka haijateketeza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890 hakuja duniani mikono mitupu. Kitovu hakijakauka, tayari alikuwa na vitu viwili ambavyo hapana wa kumnyang'anya: ukoo na kizazi. Kizazi hicho, ambacho wazee wa Mara hukiita rikora, hakikungoja kuona kama mtoto atakuwa mwepesi wa miguu au mzito wa kichwa. Kilimfuata baba, basi.

Utaratibu huu unaonekana kwa uwazi zaidi kwa jirani zao Wakuria wa Tarime, ambao mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliandika makala juu yao mwaka 1962. Wakuria wana majina manane ya vizazi katika mizunguko miwili. Mzunguko mmoja una Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Wa pili una Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Baba akiwa wa Saai, watoto wake wote ni wa Nyambureti, wajukuu ni wa Gamunyere, vitukuu ni wa Maina, na vilembwe wanarudi kuwa Saai kama alivyokuwa yeye. Vizazi viwili vinavyofuatana huheshimiana kama mtu na baba yake. Vinavyorukana hutaniana, kama ilivyo ada ya babu na mjukuu.

Jambo zuri kwenye karatasi, lakini lina vituko vyake. Mwanamume akioa mke wa kwanza akiwa kijana na wa nne akiwa na mvi, kifungua mimba na kitinda mimba wanaweza kupishana miaka arobaini, na bado wote ni kizazi kimoja. Pitisha hesabu hiyo kwa nasaba tatu au nne, utamkuta mtoto anayetambaa ni "baba" wa mzee mwenye mkongojo. Mzee huyo hana pa kwenda kulalamika. Alizaliwa hivyo, na jina halibadilishwi kwa kuwa halimpendezi.

Juu ya kizazi likaja rika lenyewe, linaloitwa saiga na watu wa Issenye, Nata na Ikoma. Hili lilitokana na tohara: waliotahiriwa katika kipindi kimoja walikuwa ndugu wa kisu, wakapewa jina, wakalinda mifugo na kupigana pamoja. Hapa baba hakuhusika sana. Ulichohitaji ni kuwa na umri unaofaa katika mwaka unaofaa. E. C. Baker, ofisa wa serikali ya Kiingereza, alichapisha makala kuhusu marika ya Wilaya ya Musoma katika jarida la Man mwaka 1927, na tangu hapo wageni wengi wamejaribu kuchora majedwali ya mambo haya, mengine yakiwa na mistari mingi kuliko ramani ya reli.

Kisha ngazi ya tatu. Mtu mzima aliyetaka cheo miongoni mwa wazee alipita katika sherehe za nyangi, na cheo hakikutolewa bure. Kulikuwa na pombe ya kupika, mnyama wa kuchinja, na watu wa kula na kunywa. Aliyekuwa na mji mkubwa, wake wenye bidii na mtama ghalani alipanda. Asiye na kitu alibaki chini hata kama busara yake ingetosha kata nzima.

Basi mwanamume wa Issenye alipimwa kwa njia tatu kwa mpigo: bahati ya kuzaliwa na nani, zamu ya kutahiriwa lini, na mali ya kulisha wangapi. Swali lililo nyuma ya njia hizo, kwamba mtu apewe kimo gani kabla hajaonyesha matendo yake na nani mwenye haki ya kumpa, limewasumbua pia watu ambao pengine hawajawahi kusikia jina la mto Grumeti wa huko Mara. Wao walilikuta mezani, wakicheza.

*

Katika michezo hiyo ya mezani, namba za uwezo zilianza kuwa mali ya jeshi kabla hazijawa za mtu. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia aitwaye von Reiswitz alimpelekea mfalme wake mchezo wa vita wa mezani, na mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, akautolea kanuni zilizowapendeza wakubwa wa jeshi. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo, dado ziliamua hasara, na refa alisimama katikati akiwaambia makamanda kile tu ambacho wangeweza kukiona. Wamarekani wakafuata. Luteni Charles Totten alitoa kitabu chake Strategos mwaka 1880, na karibu miaka tisini baadaye mwanafunzi mmoja wa Minnesota, David Wesely, akakiokota katika maktaba ya chuo kikuu.

Wesely ndiye aliyetoboa tundu ambalo wengine walipitia. Katika mchezo alioupa jina la mji wa kubuni, Braunstein, aliwagawia wenzake watu badala ya vikosi: huyu meya, huyu mkuu wa chuo, huyu mwanafunzi mkorofi. Vurugu ilikuwa kubwa, na yeye mwenyewe alidhani ameharibu. Wachezaji walitaka tena. Mmoja wao, Dave Arneson, alianzisha mwaka 1971 nchi yake ya kubuni iitwayo Blackmoor, na humo kila mchezaji akawa na mtu wake anayeishi kutoka wiki hadi wiki, anayejeruhiwa, anayetajirika, anayekufa.

Mtu wa kudumu anahitaji kumbukumbu za kudumu. Kikosi cha askari wapanda farasi kinatosha kuandikwa "nguvu 6". Lakini mtu anayejaribu kumdanganya mlinzi wa lango, kisha kupanda ukuta, kisha kunywa kitu asichokijua kwenye chupa, unampimaje? Arneson alikuwa na orodha zake za sifa. Gary Gygax wa Lake Geneva, mji mdogo wa kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, alizikata zikabaki sita, na Januari 1974 kampuni yake changa ya TSR ikauza nakala 1,000 za mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kasha, kwa dola 10.

Sifa hizo sita ni Nguvu, Akili, Busara, Uimara wa mwili, Wepesi na Haiba. Kila moja ilipatikana kwa kurusha dado tatu za kawaida, zilezile za ludo, na kujumlisha. Chini kabisa 3, juu kabisa 18. Na kuna jambo ambalo wengi wanaocheza leo wamelisahau: kwa maandishi ya 1974, anayerusha dado ni refa, si mwenye mtu wake. Mchezaji anakaa, anaangalia, anapewa.

Tujaribu. Mtu wetu ni kijana mwindaji wa Issenye. Refa anarusha kwa Nguvu: 4, 3, 2. Tisa. Akili: 5, 5, 3, kumi na tatu. Busara: 4, 2, 1, saba, kijana ana kichwa lakini hasikii la mkuu. Uimara: 6, 3, 3, kumi na mbili. Wepesi: 6, 5, 4, kumi na tano. Haiba: 5, 3, 2, kumi. Hakuna aliyepanga. Tulitaka shujaa wa kupasua ngao, tukapewa kijana wa mwili wa wastani mwenye shabaha. Kwa kanuni za 1974, Wepesi unaozidi 12 unamwongezea moja kila anapopiga mshale, na Akili ya 13 inamfanya ajifunze elimu ya uganga kwa kasi iliyozidi kidogo ya wengine, asilimia 5. Mwindaji huyu, kwa hiyo, huenda akaishia kuwa mtu wa dawa anayejua pia kutumia upinde. Sikumbuni mimi, amejitokeza mwenyewe kati ya dado kumi na nane.

Hesabu ya dado tatu ni ya kihafidhina kama mzee wa baraza. Zinaweza kuanguka kwa namna 216. Kati ya hizo, namna moja tu inatoa 18, na moja tu inatoa 3, wakati 10 na 11 kwa pamoja zinachukua robo nzima. Watu wengi wanakuwa wa katikati, wachache wanazidi, wachache wanapungua. Jamii ya kweli nayo haiko mbali sana na hapo, na nadhani ndiyo sababu njia hii ilikubalika bila kelele mwanzoni. Zaidi ya hayo, alama hizo zilibadili mambo machache mno. Mwenye Nguvu 9 na mwenye Nguvu 16 walipiga panga karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa kasi ya kujifunza. Bahati mbaya haikuuma.

Ilianza kuuma mwaka 1975. Kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk kiliipa Nguvu uzito: mpiganaji mwenye 18 alirusha tena dado za asilimia aone 18 yake ni ya aina gani, na aliye juu kabisa aliua kwa pigo ambalo mwenzake wa 10 hakuliota. Mara moja dado zikawa na thamani, na kila chenye thamani huleta ulaji. Wachezaji walirusha nyumbani, peke yao, wakaja na mashujaa wenye 18 nne na uso mkavu. Marefa wengine walifumba macho. Gygax hakufumba; aliandika sheria mpya.

Katika kitabu cha wachezaji cha 1978 alikiri kwamba mtu wa kubuni, ili aishi, kwa kawaida anahitaji angalau sifa mbili zenye 15 au zaidi. Mwaka uliofuata, katika kitabu cha msimamizi wa mchezo, alitoa njia nne za kufika huko. Ya kwanza ndiyo iliyoshinda zote kwa umaarufu: rusha dado nne, tupa iliyo ndogo, jumlisha tatu zilizobaki, kisha zipange alama zako unavyotaka. Ya pili, rusha dado tatu mara kumi na mbili uchukue sita bora. Ya tatu, rusha mara sita kwa kila sifa, uchukue iliyo bora. Ya nne inachekesha: tengeneza watu kumi na wawili kamili, uchague mmoja. Hizo ni dado 216 kuanguka mezani ili mtu mmoja azaliwe na kumi na mmoja watupwe.

Dado nne badala ya tatu ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyosikika. Wastani unapanda kutoka 10.5 hadi kidogo juu ya 12, na nafasi ya kupata 18 inatoka moja kati ya 216 na kufika kama moja kati ya 62. Ila kilichobadilisha tabia ya mchezo hasa ni yale maneno ya mwisho, "zipange unavyotaka". Kijana wetu wa Issenye asingekuwa tena ugunduzi. Ile 15 ingepelekwa kwenye Nguvu, ile 7 ingefichwa kwenye sifa isiyotumika, na shujaa wa kupasua ngao angepatikana kama alivyoagizwa. Kufikia 1985 kitabu kingine cha Gygax kiliruhusu dado tisa kwa sifa kuu ya mhusika wa kibinadamu, ukichukua tatu bora. Mtu anayerusha dado tisa ili achukue tatu ameshaacha kubahatisha, anaagiza. Bora angeandika 18 akaokoa muda.

*

Nirudi Mara kidogo, kwa sababu miaka ile niliyoanza nayo haikuwa ya kawaida.

Simulizi za Waissenye zinakumbuka makao ya zamani upande wa mashariki, mahali paitwapo Nyeberekera, ndani ya nyika ambayo tangu 1951 ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Uvamizi wa Wamasai, njaa na maradhi viliwaondoa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 watu wa magharibi mwa Serengeti walitawanyika, wengine wakakimbilia Usukuma kutafuta chakula, wengine wakajibanza kwa jirani. Wazee wenye majina walikufa, na mizunguko ya sherehe ikakatika. Ng'ombe waliosalia kwa mikuki wakamalizwa na sotoka.

Jan Bender Shetler, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa na wazee wa sehemu hizi na kuwasaidia kuchapisha historia zao wenyewe, anaonyesha kilichofuata. Rika, ambalo zamani lilikuwa jambo la vijana wa mahali pamoja, lilinyooshwa likawa mfumo wa kuwashika watu waliosambaratika. Marika yakapangwa katika mizunguko mitatu, Abarumarancha, Abangirate na Abasaai, kila mzunguko ukawa na eneo lake, na mzunguko mmoja ukawa na watu wa Issenye, Nata na Ikoma ndani yake. Mgeni aliyetokea hajulikani kwa ukoo aliulizwa rika lake, na jibu lilimpa papo hapo mahali pa kukaa, watu wa kumlisha na watu wa kupigana nao bega kwa bega.

Maoni yangu ni haya: njia ya kumpa mtu kimo hutegemea kama waliokaa pamoja wanajuana. Wanaojuana wanaweza kustahimili bahati. Ukizaliwa kizazi kisichopendeza, jirani zako wanamjua baba yako, wanajua na shabaha yako, watakutendea kwa yote mawili. Lakini watu wasiojuana wanataka kipimo ambacho kila mmoja anaweza kukitambua bila kuuliza historia yako yote. Issenye walifika hapo kwa msiba. Wacheza dado wa Wisconsin walifika hapo kwa kuongezeka tu.

Maana mchezo ulipotoka kwenye sebule za marafiki na kuenea nchi nzima, kisha dunia nzima, wachezaji walianza kukutana katika mikutano mikubwa wakiwa na watu wao kwenye karatasi. Unakaa meza moja na mtu kutoka mji mwingine, karatasi yake ina 18, 17, 17, 16. Alizirusha wapi? Nani aliona? Hakuna tusi, lakini hakuna jibu pia. Dawa ikawa seti moja ya namba kwa wote. Toleo la 2000, lililotolewa na Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua TSR mwaka 1997, lilikuwa nayo: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Toleo la 2014 likawa nayo vilevile. Katika michezo rasmi iliyoanza mwaka huohuo, ile ambayo mtu anaweza kuingia meza yoyote mji wowote, kurusha dado kwa ajili ya alama hizi hakuruhusiwi kabisa.

Namba hizo sita ni kama tohara ya pamoja. Wote mmepita kisu kimoja, kinachobaki ni kuona nani ni nani.

*

Njia ya tatu, ya kununua, ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani, na haikuanzia Lake Geneva. Mwaka 1977 Steve Jackson wa Texas alitoa mchezo mdogo wa mapigano, Melee, ambamo mpiganaji wa kibinadamu ana sifa mbili tu, Nguvu na Wepesi, kila moja ikianza na 8, na mchezaji ana pointi 8 za kuongeza anakotaka. Ukiwa na nguvu nyingi utakosa shabaha, ukiwa na shabaha utaanguka mapema. Uchungu wa kuchagua ukaingia pale ambapo zamani palikuwa na uchungu wa kukosa.

Mwaka huohuo wa 1977, kwa upande mwingine kabisa, Marc Miller alichapisha Traveller, mchezo wa safari za anga, ambao unastahili heshima kwa ukatili wake. Sifa sita zinarushwa kwa dado mbili mbili, na mojawapo ni hadhi katika jamii: ukipata 11 au 12 umezaliwa na cheo cha kikabaila, hukukifanyia kazi. Kisha unampeleka mtu wako jeshini au kwenye kazi nyingine kwa vipindi vya miaka minne minne, akipata ujuzi, na kila kipindi anarushiwa dado ya kuponea. Ikikataa, amekufa. Mchezo haujaanza, meza bado ina vikombe vya chai, na mtu uliyemlea nusu saa ameshazikwa. Wapo wanaokiona kipengele hicho kuwa upuuzi. Mimi nakiona kuwa ndicho cha kweli kuliko vyote, na yeyote aliyesikia wazee wa Mara wakihesabu ndugu waliopotea kabla ya tohara ataelewa ninachosema.

Lakini upepo ulivuma upande wa Jackson. Champions ya 1981, ya George MacDonald na Steve Peterson, iliwafanya mashujaa wa kuruka angani kwa pointi tupu bila dado hata moja, na ikaleta ujanja mpya: unaweza kujiongezea pointi kwa kukubali matatizo. Adui anayekuwinda, pointi. Ugonjwa, pointi. Ndugu asiyejiweza ambaye lazima umkimbilie kila akitekwa, pointi. Jackson mwenyewe alilichukua wazo hilo akaliingiza kwenye GURPS mwaka 1986, ambamo mhusika wa kuanzia alipewa pointi 100. Sasa kilema kilikuwa na bei, na wachezaji walijifunza haraka kununua vilema visivyouma. Utakuta karatasi yenye hofu ya pweza, mchezo mzima ukiwa jangwani.

Dungeons & Dragons yenyewe ilikuja kuikubali biashara hii kwa tahadhari. Katika toleo la 2014 una pointi 27. Kila sifa inaanza na 8 bila malipo. Kufika 13 ni pointi 5, lakini 14 ni 7, na 15, ambayo ndiyo dari, ni 9. Ngazi za juu zina bei ya juu, ili asiyeridhika na wastani aumie mahali fulani. Ukizijumlisha bei za zile namba sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unapata 27 barabara. Zamu na mali zimewekwa ratili moja.

Aliyesogea karibu na nyangi kuliko wote, bila kujua, ni Erick Wujcik. Mchezo wake wa 1991, Amber, hauna dado kabisa. Wachezaji wanaketi pamoja, kila mmoja na pointi 100, na sifa nne zinapigwa mnada mbele ya wote: nguvu ya akili, nguvu ya mwili, ustahimilivu, na ufundi wa vita. Aliyetaja kubwa ni wa kwanza katika sifa hiyo, na wa kwanza humshinda wa pili, ndiyo hivyo. Ukali uko hapa: aliyeshindwa mnada harudishiwi. Pointi alizotaja zimekwenda, zimempa nafasi ya pili au ya tatu, na kila mtu mezani amemwona akizimwaga. Mzee wa Issenye aliyepika pombe ya cheo angeuelewa mnada huo kwa dakika moja. Pombe iliyonywewa hairudi mtungini, na waliokunywa ndio mashahidi wa kimo chako. Kimo cha kununua hakiwi na maana kikinunuliwa gizani.

Ndiyo maana siipendi sana hesabu ya pointi 27 inayofanywa chumbani na mtu mmoja na kalamu. Ni ya haki, sikatai. Haina watu. Dado tatu mbele ya refa zina watu, hata zikitoa 7. Meza nzima imeiona ile 1 ikisimama, imecheka, na kijana asiyesikia la mkuu ameshapata sifa yake kabla hajasema neno. Wachezaji wa siku hizi wanaorudia kanuni za 1974, dado tatu, kwa mfuatano, bila kupanga, nadhani wanatafuta kicheko hicho kuliko ugumu wanaousifia.

Kuna njia moja sijaigusa, nayo ni kumpima mtu jinsi alivyo. Mwaka 1979 vijana wawili, Jeff Dee na Jack Herman, walitoa Villains and Vigilantes, ambamo mchezaji anajicheza mwenyewe: wenzake na refa wanakadiria nguvu zake za kweli, akili yake ya kweli na haiba yake ya kweli, kisha ndipo anarushiwa vipaji vya ajabu. Ni rahisi kufikiria jinsi jioni hizo zilivyokwenda. Kumwambia rafiki yako mbele ya watu kwamba Haiba yake ni 9 ni kazi inayohitaji utani wa vizazi vinavyorukana.

Njia hiyo haikushika kwenye meza, lakini imeshika mahali pengine ambapo msomaji hahitaji kwenda Wisconsin kupaona. Ingia kibanda chochote cha gemu katika miji yetu, mahali vijana wanalipia mechi moja moja ya mpira kwenye runinga. Kadi za wachezaji katika gemu za FIFA zilikuwa na namba sita usoni: kasi, shuti, pasi, chenga, ulinzi na nguvu za mwili. Kwamba ni sita kama zile za 1974 huenda ni sadfa tu. Namba zenyewe hazikutoka kwenye dado. Zilitoka kwa watazamaji wa kampuni iliyotengeneza gemu, walioenea nchi nyingi, wakiangalia mechi na kuandika, na zilibadilishwa kila toleo jipya lilipotoka.

Mbwana Samatta alipokuwa Genk, akimaliza msimu wa 2018/19 akiwa na mabao 23 katika ligi ya Ubelgiji, na kisha alipohamia Aston Villa Januari 2020 akiwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, naye alikuwa na kadi yake. Vibandani ubishi haukuisha kama namba zake zinamtosha: mmoja anasema kasi wamempunja, mwingine anasema chenga wamempa za kutosha kabisa, wa tatu anauliza hao waandikaji walimwona katika mechi gani. Mwenye kibanda anadai hela yake, na waliopanga foleni wanataka pedi.